Bangili na hereni za feruzi kutoka chaneli ya mauzo ya televisheni: nilivyozipima

Bangili naipa nyota nne. Hereni naipa moja, tena kwa ajili ya kulabu zake tu. Zote mbili zilinunuliwa kwenye chaneli ya mauzo ya televisheni hapa Marekani, na zote zilinadiwa kwa maneno yale yale: "feruzi halisi". Mtego uko kwenye neno "halisi".

Feruzi nyingi inayotoka mgodini ni laini kama chaki. Hunyonya mafuta ya ngozi, jasho na manukato, na rangi ya buluu hugeuka kijani. Ndiyo maana wachakataji huisindilia resini ili ikaze na rangi ikolee. Hiyo huitwa feruzi iliyoimarishwa: jiwe ni la kweli, ila lina gundi ndani. Chini yake kuna feruzi ya unga, yaani vumbi na vipande vilivyogandishwa kwa resini. Chini zaidi kuna bloku, ambayo mara nyingi ni plastiki na rangi tu, haina feruzi hata chembe. Pembeni yako mawe meupe yenye mishipa ya kijivu, haulaiti na magnesaiti, yanayochovywa rangi ya buluu. Kwa hiyo kuuliza "ni feruzi au si feruzi" hakutoshi. Uliza pia imefanywa nini.

Kabla ya kugusa chochote, soma masharti ya kurudisha. Yangu yalikuwa siku 30, mali ikiwa haijaharibiwa. Ukikata uzi au ukikwaruza jiwe, umejifungia mlango mwenyewe. Anza na vipimo visivyoacha alama.

Kipimo kilichonifaa kuliko vyote ni cha uzito kwa maji. Unahitaji mizani ndogo ya sonara inayosoma gramu 0.01, kikombe chepesi cha plastiki, na uzi mwembamba wa nailoni. Pima kitu kikiwa kikavu, andika. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza kitu ndani ya maji kizame chote bila kugusa chini wala ukingo. Namba inayojitokeza ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Feruzi iliyokaza hutoa kati ya 2.6 na 2.9. Haulaiti ni karibu 2.58, magnesaiti karibu 3.0, na bloku za plastiki huwa chini kabisa ya hapo.

Usipime ushanga mmoja. Wa milimita 8 husukuma maji ya gramu 0.26 hivi, na mizani ikikosea 0.01 jibu linayumba kwa asilimia 4. Bangili yenye uzi wa mpira inazama nzima bila kukata kitu, na mpira ni mwepesi kiasi kwamba hauharibu hesabu. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni hewa kunasa kwenye matundu ya shanga: namba ya maji inapanda na jibu linashuka. Tia tone la sabuni ya vyombo, tikisa. La pili ni kuchelewa kusoma, kwa sababu jiwe lenye vitundu linakunywa maji na jibu linapanda taratibu. Soma ndani ya sekunde kumi. Ukiona namba inaendelea kushuka kwenye mizani huku jiwe likiiva rangi, hilo lenyewe ni jibu: halijasindiliwa resini ya kutosha.

Bangili: gramu 15.08 kwa 5.80, sawa na 2.60. Hereni, baada ya kufungua kulabu kwa koleo ndogo na kupima mawe yote mawili pamoja: 5.90 kwa 2.00, sawa na 2.95. Namba ya hereni imepita hata feruzi nzuri iliyo nyingi sokoni, na hapo nikaanza kufikiria magnesaiti. Ya bangili nayo ina utata wake. Feruzi ya chaki iliyojazwa resini huangukia hapo hapo ilipo haulaiti, kwa hiyo mizani peke yake isikupe uhakika.

Hapo ndipo lenzi ya mara 10 inapoingia. Tazama ndani ya tundu, usitazame uso wa jiwe. Hereni zilikuwa za buluu nje na nyeupe ndani ya tundu, na rangi imejikusanya kwenye nyufa kama wino kwenye karatasi. Bangili ilikuwa na rangi moja hadi ndani, na mishipa yake ya kahawia ilikuwa imebonyea kidogo ukipitisha ukucha, tofauti kwa kila ushanga. Kwenye bloku mishipa huwa tambarare na michoro hujirudia.

Asetoni iwe ya mwisho: kijiti cha pamba, tone moja, ndani ya tundu au nyuma ya jiwe, sekunde tano. Kiondoa rangi ya kucha kinafaa kikiwa na asetoni, ila hakikisha chenyewe hakina rangi. Pamba ya hereni ilitoka ya buluu. Ya bangili ilitoka safi, lakini usishangilie mapema: jiwe lililotiwa rangi kisha likafunikwa resini nalo halitoi kitu. Kilichonituliza ni ncha ya sindano ndani ya tundu, kwa kubonyeza kidogo tu. Haulaiti ina ugumu wa 3.5, ingetoa unga mweupe. Feruzi ni 5 hadi 6, na hii haikutoa kitu.

Kuna vipimo vinavyosifiwa ambavyo mimi naviacha. Sindano ya moto hutoa harufu ya plastiki, sawa, lakini feruzi iliyoimarishwa nayo ina resini, kwa hiyo harufu haitenganishi jiwe na bloku, na alama inabaki. Siki haisaidii kwa magnesaiti, maana jiwe hilo halichemki kwa asidi baridi iliyo dhaifu. Sumaku, kwa sehemu zinazodaiwa kuwa za madini ya fedha, inakataa chuma tu. Fedha ya Kijerumani, isiyo na fedha ndani yake, haivutwi pia, kwa hiyo tafuta muhuri wa 925, yaani fedha ya asilimia 92.5.

Vipo vitu ambavyo nyumbani huwezi kuvijua. Resini inathibitishwa kwa mionzi ya infraredi maabara. Njia ya kuimarisha jiwe iitwayo Zachery, isiyotumia resini kabisa, huongeza potasiamu kwenye jiwe na inahitaji mashine ya eksirei kuigundua. Ripoti ya maabara inaweza kuzidi bei ya bangili yenyewe, kwa hiyo sikuilipia. Asili ya mgodi nayo ni maneno ya muuzaji. Mgodi wa Sleeping Beauty, karibu na Globe huko Arizona, ulisimamisha uchimbaji wa feruzi mwaka 2012, lakini jina lake bado linatajwa kila kinapoonekana kitu cha buluu ya anga kisicho na mishipa. Rangi hiyo ndiyo rahisi kuigiza. Wenye kuzijua pete za feruzi ya mji wa Nishapur zinazovaliwa Uajemi na Ghuba wataona mfanano, na macho hayatawatofautishia. Na ile wanayoiita "feruzi ya Afrika" ni yaspi. Si feruzi, hata iwe nzuri vipi.

Njia fupi kuliko zote ni kuwaandikia huduma kwa wateja, kwa maandishi wala si kwa simu: jiwe limeimarishwa? Limetiwa rangi? Ni jiwe zima au unga? Mwongozo wa vito wa tume ya biashara ya Marekani, FTC, unamtaka muuzaji aseme jiwe limefanyiwa nini iwapo kazi hiyo inagusa thamani kwa kiasi kikubwa, haidumu, au inahitaji utunzaji maalumu. Wengine hujibu kwa herufi za AGTA, chama cha wafanyabiashara wa vito Marekani: N ni bila kuguswa, I ni resini, W ni nta, D ni rangi. Kwa bangili walijibu "imeimarishwa", na kwa bei ya dola 60 naona ni haki, ila kadi iliyokuja nayo ingesema hivyo tangu mwanzo. Nyota iliyopungua ni hiyo. Kwa hereni walikwepa swali mara mbili, nikatuma picha ya tundu jeupe na pamba ya buluu, fedha ikarudi pungufu ya gharama za posta.