Vitafunwa vya mama wa Magomeni: vitumbua nyota tano, sambusa bado

Jamani kama uko Dar na chai ya asubuhi kwako ni kitu cha maana, sikia hii. Kuna mama pale Magomeni anauza chai pembeni ya barabara, benchi mbili na meza moja, na kibao cha mbao kimeandikwa kwa chaki VITAFUNWA VIPO. Kilichonivuta ni hicho kibao kwakweli, maana siku hizi kila mgahawa unaandika bites, hata kwenye sherehe watu wanaulizana bites zimeshapita, wakati neno letu lipo na linajieleza lenyewe, kutafuna, kitafunwa, yaani kile kinachotafunwa. Wengine mnasema kitafunio na ni sawa, yote yapo, ila mimi nashikilia kitafunwa kwa sababu chujio ni la kuchujia, ufagio ni wa kufagilia, sasa hiki si cha kutafunia, hiki kinatafunwa chenyewe.

Na asubuhi hilo neno lina kazi yake maalum. Ukimuuliza "shikamoo mama, leo una kitafunwa gani?" ashajua unataka cha kushushia chai. Muhogo wa kuchemsha ukiwa pembeni ya kikombe ni kitafunwa, muhogo huo huo mchana na mchuzi wa samaki tunauita chakula, hakuna anayechanganya hapo.

Sasa vitumbua vyake aisee. Mchele analoweka usiku, anausaga, anachanganya na tui la nazi, hamira, sukari na iliki, unga unaumuka. Nilikaa karibu na jiko nikawa naangalia, anatia mafuta kijiko kidogo kila shimo la kile chuma, anamimina uji, pembeni panaanza kutoboka vishimo vishimo, halafu anachomeka kijiti anageuza kwa mkupuo mmoja na upande wa chini unatokea wa kahawia. Ukiuma ule ukingo unalia kabisa, ndani laini na unasikia nazi, sio sukari tupu kama vya sehemu nyingi. Mia mbili kimoja, nilianza na vitatu nikaongeza vitatu.

Chapati nzuri pia, jero yaani mia tano, zinachambuka tabaka tabaka. Hapa niseme kidogo, jina tumelitoa India lakini hii yetu ya kukunja na mafuta ukiipeleka kule wataiona imekaribia zaidi kile wanachokiita paratha. Maandazi nilikuta yameisha, mara mbili zote nilizoenda, na nasikitika maana ndo kitafunwa nakipenda kuliko vyote na jina lake limetoka kwenye kuandaa, kitu kilichoandaliwa. Binamu yangu wa Mombasa yeye kwao ni mahamri, na ukisikiliza vizuri humo ndani unaisikia hamira, ambayo ni Kiarabu, tena wao wanakula na mbaazi za nazi asubuhi asubuhi, raha sana.

Sambusa ndo sijaridhika. Neno limesafiri hilo, Uajemi, Arabuni, huku kwetu pwani, na Wahindi wakabaki na samosa yao, mzigo wa heshima kabisa, lakini pale kwa mama nilipewa ya jana imepashwa moto, ngozi imelegea na ndani kitunguu kingi nyama ya kutafuta. Kitafunwa gani hakina cha kutafuna? Nilimwambia kwa adabu, "mama samahani, hii imelala," akaichukua bila maneno akanipa kitumbua cha moto badala yake, "pole mwanangu, leo sijakaanga mpya." Hapo nikampenda zaidi, wengine wangenuna.

Chai ya rangi ina tangawizi ya kutwanga, inakwaruza koo vizuri, ya maziwa sukari imezidi kwahiyo mwambie mapema kabla hajatia.

Ukitaka kwenda wahi kabla ya saa mbili, baada ya hapo madereva wa bodaboda wanabeba vitumbua vyote kwenye mifuko, na njoo na chenji maana noti ya elfu kumi asubuhi inamsumbua sana. Jumapili hafungui.