DuckStation: emuleta ya PlayStation ya kwanza, na namna ya kutunza gemu zake

Anayetaka kucheza gemu za PlayStation ya kwanza kwenye kompyuta aanze na DuckStation, emuleta (yaani programu inayoiga konsoli), na wengi hawatahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo. Ni ya bure, ipo ya Windows, Linux, macOS na Android, na haitaki mashine ya bei mbaya. Laptopu ya mtumba yenye Core i3 na grafiki za Intel za ndani kwa ndani inaendesha karibu kila gemu kwa kasi yake kamili. Konsoli yenyewe, iliyotoka Japani Desemba 1994, ilikuwa na prosesa ya takriban megahezi 33 na RAM ya megabaiti 2 tu, kwa hiyo mzigo si mkubwa. Wanaokwama karibu wote wanakwamia kwenye mafaili, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Kuiweka ni dakika chache. Pakua zip, ifungue kwenye folda yako mwenyewe, usiiweke kwenye Program Files kwa sababu Windows huzuia programu kuandika humo. Kabla hujaifungua mara ya kwanza, tengeneza faili tupu liitwalo portable.txt, likae pale pale lilipo faili la programu. Usiiruke hatua hii. Ukiifanya, mipangilio, memori kadi na seivu zote zinakaa ndani ya folda hiyo moja, na siku ukibadilisha kompyuta unanakili folda basi. Ikigoma kufunguka na kutaja DLL fulani, kinachokosekana ni Visual C++ Runtime ya Microsoft.

Halafu kuna BIOS, programu ya ndani ya konsoli inayoiwasha. DuckStation haiji nayo, na haitaanzisha gemu bila hiyo, kwa sababu BIOS ni mali ya Sony yenye hakimiliki. Njia safi ni kuitoa kwenye konsoli yako. (Emuleta yenyewe ni jambo jingine: mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwa upande wa Connectix katika kesi ambayo Sony ilifungua juu ya emuleta yao.) Faili la BIOS liwe na baiti 524,288 kamili. Likipungua au likizidi hata kidogo, limeharibika au si lenyewe. SCPH-5501 ni ya Marekani, SCPH-7502 ni ya Ulaya. Weka za kanda zote ulizo na gemu zake, kisha acha programu ichague.

Sasa mafaili ya gemu. Diski ya PlayStation ikinakiliwa vizuri hutoa faili moja au zaidi la BIN, lenye data, na faili dogo la CUE, linaloeleza mpangilio wa diski. Wengi hufuta CUE wakidhani ni takataka kwa sababu ina kilobaiti moja au mbili tu. Chukua Ridge Racer uone hasara yake. Gemu lile hupakia data yake kwenye RAM mwanzoni kabisa, na kuanzia hapo diski hubaki kupiga muziki tu, nyimbo zikiwa zimerekodiwa kama kwenye CD ya kawaida ya muziki. Ndiyo maana kwenye konsoli uliweza kutoa diski, ukaweka CD yako ya muziki, na ukaendelea na mbio. Ukiligeuza kuwa ISO (faili la data peke yake), au ukapoteza CUE, gari linakimbia kimya: data ipo, nyimbo hazipo. Tomb Raider na Wipeout nazo zina nyimbo za aina hiyo.

Kosa la pili ni kubadilisha jina la BIN. Fungua CUE kwa Notepad na mstari wa kwanza utaukuta hivi:

FILE "Ridge Racer (Track 01).bin" BINARY

Jina lililo ndani ya alama za kunukuu lazima lilingane herufi kwa herufi na jina la faili kwenye folda. Kwenye Linux hata herufi kubwa na ndogo zinahesabika. Umebadilisha jina? Rekebisha mstari huo, seivu, gemu litafunguka.

Kwa kuhifadhi, usibaki na BIN na CUE zikitapakaa. Geuza kuwa CHD, faili moja lililobanwa, muundo uliotoka kwa watu wa MAME (emuleta ya mashine za gemu za ukumbini), ambao DuckStation inausoma moja kwa moja. Kifaa chake ni chdman, kinachoendeshwa kwa amri za kuandika. Kwenye Windows kimo ndani ya kifurushi cha MAME. Kwenye Debian na Ubuntu kipo kwenye mame-tools. Ukiwa ndani ya folda ya gemu, amri ni hii:

chdman createcd -i "Ridge Racer.cue" -o "Ridge Racer.chd"

Unaielekeza kwa CUE, kamwe si kwa BIN, la sivyo mpangilio wa nyimbo unapotea. Kama una gemu 50, andika mstari huu kwenye Notepad, useivu kwa jina geuza.bat ndani ya folda hiyo na uubofye:

for %%i in (*.cue) do chdman createcd -i "%%i" -o "%%~ni.chd"

CHD haipunguzi ubora. Hakuna data inayotupwa, na amri ya extractcd inakurudishia BIN na CUE. Nafasi utakayookoa inategemea kilichomo. Diski iliyojazwa sifuri ili ifike ukubwa fulani inanywea sana. Iliyojaa video na sauti zilizobanwa tangu kiwandani hainywei kiasi hicho. Kabla hujafuta BIN, endesha chdman verify -i kwenye kila CHD, kisha icheze dakika tano.

Gemu la diski nyingi, kama Final Fantasy VII yenye diski 3, litengenezee faili la maandishi lenye mwisho wa .m3u, kila mstari ukiwa na jina la CHD moja kwa mpangilio. Unafungua m3u, na ukiombwa diski ya pili unaibadilisha kwenye menyu bila kutoka. Gemu la Ulaya linaloganda mahali pale pale kila mara huenda lina LibCrypt, kinga dhidi ya kunakiliwa. Hapo unahitaji faili la SBI lenye jina sawa na la gemu, likae pembeni yake.

Kwa picha, DuckStation inastahili sifa zote inazopewa. Konsoli ilikokotoa kona za maumbo kwa namba nzima bila desimali, ndiyo sababu kuta zilitetemeka kila kamera iliposogea. Washa PGXP, mpangilio unaorudisha usahihi huo, na mtetemo karibu wote unaisha. Panda rezolusheni hadi mara 4. Penye pikseli 320 kwa 240 unapata 1280 kwa 960. Laptopu ikianza kukwama, shuka hadi mara 2 kabla hujagusa kitu kingine.

Wenye diski za Ulaya, yaani zile ambazo namba yake inaanza na SLES au SCES, wajue kwamba zinakwenda hezi 50 (mara 50 kwa sekunde), sawa na televisheni zetu za PAL. Baadhi hazikurekebishwa, zinakwenda polepole kwa karibu asilimia 17. Programu inaweza kulazimisha hezi 60, lakini gemu lililorekebishwa vizuri litakimbia kupita kiasi, kwa hiyo jaribu gemu moja moja.

Padi ikikataa kujibu kwenye gemu la kabla ya mwishoni mwa 1997, kagua kama haiko kwenye hali ya analogi. DualShock, padi ya Sony yenye vijiti vya analogi, ilikuwa haijatoka bado, na gemu nyingi za wakati huo hazielewi hali hiyo.

Seivu: F2 inahifadhi hali ya papo hapo, F1 inairudisha. Ni tamu, ila usizitegemee peke yake, maana toleo jipya la programu linaweza kushindwa kuzisoma za zamani. Hifadhi pia ndani ya gemu, kwenye memori kadi. Kadi ni faili la .mcd la kilobaiti 128 tu, na kila gemu hupewa lake, hivyo zile nafasi 15 za kadi hazigombaniwi. Nakili folda ya memcards kwenye flashi kila wiki.

Leseni yake tangu 2024 hairuhusu biashara, kwa hiyo anayekuuzia laptopu iliyojazwa DuckStation na gemu anavunja masharti yake.

Kama unataka pia Nintendo na Sega chini ya paa moja, RetroArch, programu moja inayobeba emuleta nyingi, inafaa zaidi, ingawa menyu zake zinachosha. CHD zako zitafunguka humo kwa Beetle PSX au SwanStation, emuleta zake za PlayStation, na maendeleo yako yanahamia vilevile: nakili .mcd, ipe jina la gemu, na ubadilishe mwisho wake kuwa .srm.