Nairobi Asiyetoka Nairobi: La Casa de Papel na Lupin kwa Macho ya Mtazamaji wa Dar

Mtazamaji wa Dar es Salaam anapoanza kutazama La Casa de Papel, tamthilia ya Kihispania ambayo wengi hapa wanaijua kwa jina la Money Heist, hukutana mapema na mhusika anayeitwa Nairobi, yaani mji ambao sisi tunaufikia kwa basi. Jina la jirani yetu limetumika, lakini jirani mwenyewe hakualikwa. Nairobi huyo ni Mhispania, jina lake halisi ni Ágata Jiménez, na katika genge zima la wezi waliojibandika majina ya miji ya dunia, kuanzia Tokyo hadi Manila, hamna Mwafrika mweusi hata mmoja. Ukihamia Lupin, tamthilia ya Ufaransa, mambo yanageuka: mtoto wa mhamiaji kutoka Senegal ndiye steringi, kwa maana ileile wanayoijua watu waliokulia katika vibanda vya video vya mjini, kwamba hadithi haiendi bila yeye na kwamba hafi hata akizingirwa na askari wa nchi nzima.

Zote mbili ziko Netflix na zote mbili ni tamthilia za taharuki zinazohusu wizi wa akili, ndiyo maana zinalinganishika. La Casa de Papel ilianza mwaka 2017 katika kituo cha televisheni cha Antena 3 huko Hispania, ikachukuliwa na Netflix ambayo iliikata upya katika episodi fupi zaidi, ikashinda tuzo ya International Emmy ya tamthilia bora mwaka 2018, na ikafikia tamati Desemba 2021. Lupin ilianza kuonyeshwa Januari 2021, na sehemu yake ya tatu ikatoka Oktoba 2023. Asiyetaka kujua nani anakufa asiendelee kusoma, kwa sababu mchanganyiko wa waigizaji hauwezi kupimwa bila kutazama nani anaondolewa na lini. Kuhesabu sura peke yake hudanganya, maana mtu anaweza kuonekana tangu mwanzo hadi mwisho asipewe lolote la kufanya. Ninachotaka kujua ni nani anayepanga, nani anayeshika silaha tu, nani anayepewa historia ya maisha yake, na nani anayeuawa mapema ili wengine wapate mtu wa kumlilia.

Kwa kipimo hicho, La Casa de Papel ina sifa moja kubwa ambayo si ya rangi wala ya taifa. Wanawake wake wana kazi. Tokyo, aliyeigizwa na Úrsula Corberó, ndiye anayetusimulia hadithi nzima. Raquel Murillo, aliyeigizwa na Itziar Ituño kutoka nchi ya Wabaski, ndiye mpelelezi anayepambana kwa akili na El Profesor, mpangaji mkuu wa wizi, kabla hajahamia upande wa pili, na baada yake anakuja Alicia Sierra, mpelelezi mjamzito na katili, ambaye anaigizwa na Najwa Nimri, mwanamke wa Pamplona mwenye baba Mjordani na jina ambalo lisingemshangaza mtu yeyote Kariakoo. Nairobi mwenyewe ni msimamizi wa kazi kwa maana halisi ya neno hilo: ndiye anayehakikisha noti zinatoka safi katika kiwanda cha fedha cha Hispania, na ndiye anayesimamia uyeyushaji wa dhahabu katika wizi wa pili. Uongozi wa Berlin, anayeliongoza genge ndani ya kiwanda, unapoharibika, Nairobi anampiga kichwani na kutangaza kwamba sasa zama za wanawake zimeanza. Mwigizaji wake, Alba Flores, anatoka katika ukoo maarufu wa wasanii wenye asili ya Kigitano, yaani Waroma wa Hispania, watu ambao Hispania imewabagua kwa karne nyingi, lakini mhusika wake hakuletwa ili kuwakilisha kabila. Tunamjua kwanza kwa ufundi wake, kisha kwa uchungu wa mama aliyenyang'anywa mtoto, na kifo chake katika sehemu ya nne kinauma kwa sababu tulishamjua.

Ni upande wa wageni ndipo tamthilia hii inapolegea. Waserbia wawili, Helsinki na Oslo, wameletwa kwa ajili ya mabavu. Helsinki, aliyeigizwa na Mserbia halisi, Darko Perić, anapanuka kadiri hadithi inavyosonga mbele hadi anakuwa mmoja wa wahusika wenye moyo mpana kuliko wote. Oslo, aliyeigizwa na Mhispania Roberto García Ruiz, karibu hazungumzi kabisa, naye ndiye wa kwanza kufa katika genge, kabla hatujajua hata chakula anachokipenda. Wanaoongezwa katika wizi wa pili wanatofautiana vilevile. Palermo, wa Mwargentina Rodrigo de la Serna, ana akili ya kihandisi na sehemu kubwa ya mpango wa dhahabu ni yake, wakati Marseille, wa Mkroatia Luka Peroš, anatumwa huku na huko na kuua inapobidi. Hovik Keuchkerian, aliyezaliwa Beirut, anaitwa Bogotá bila kuwa na uhusiano wowote na Kolombia. Majina ya miji, kwa kweli, ni mapambo ya ukutani: yanatupa hisia kwamba dunia nzima imekusanyika katika chumba kimoja, ilhali waliokusanyika ni Wahispania na wageni wachache wa Ulaya na Amerika ya Kusini. Madrid halisi ina Wamoroko, Waekwado na Wasenegali wengi, na watu hao ni vigumu kuwaona hata miongoni mwa mateka. Manila, mhusika aliyebadili jinsia, amepewa mwigizaji ambaye si wa kundi hilo, na huko kwao uamuzi huo ulikosolewa. Wazazi wanaotazama na watoto sebuleni wafahamu pia kwamba tamthilia haifichi mapenzi, ya jinsia moja yakiwemo.

Lupin inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa, kwa sababu ndani yake rangi ya mhusika mkuu ndiyo mashine inayoendesha hadithi. Katika episodi ya kwanza Assane Diop, aliyeigizwa na Omar Sy, anaingia jumba la makumbusho la Louvre akiwa mmoja wa wasafishaji wa usiku, kisha anarudi katika jumba hilohilo akiwa tajiri aitwaye Paul Sernine, aliyekuja kununua mkufu wa Malkia Marie Antoinette kwenye mnada. Mpango wake haungefaulu kama matajiri wa Paris wangekuwa na desturi ya kuwatazama usoni watu wanaowapigia deki. Huhitaji kufika Paris ili uelewe jambo hili. Anayefanya kazi katika maghorofa ya Posta au katika nyumba za Masaki anajua jinsi sare ya usafi au ya ulinzi inavyoweza kumfuta mtu mbele ya macho ya bosi anayepishana naye kila asubuhi. Waandishi wa Lupin wameuchukua ubaguzi huo wa kila siku na kuugeuza kuwa silaha ya anayebaguliwa, na kila hila mpya ya Assane inamtia mtazamaji furaha na hasira kwa pamoja.

Jambo jingine ninalolithamini ni kwamba hawakuchukua mhusika mzungu wa vitabu vya kale wakampaka rangi. Arsène Lupin, mwizi mstaarabu aliyebuniwa na Maurice Leblanc mwaka 1905, anabaki kuwa mhusika wa kitabuni, na Assane ni msomaji wake. Kitabu alikipata kwa baba yake, Babakar, dereva wa familia tajiri ya Pellegrini, aliyesingiziwa wizi wa mkufu uleule na kufia gerezani. Kwa hiyo hadithi haimwombi Mfaransa mweusi aazime historia ya mtu mwingine; ana historia yake, na kitabu ni urithi alioachiwa na mzazi. Kuna tukio dogo ambapo gari la Bi Pellegrini limezimika barabarani, na Babakar anaposogea kumsaidia, mwanamke huyo anafunga milango. Hapafuati hotuba wala muziki wa huzuni, na pengine ndiyo sababu tukio hilo linakaa kichwani kuliko mengine yenye kelele.

Tukio la bibi tajiri mwenye vito limefanana na hilo kwa ukali wake. Assane, akijifanya polisi, anamsikiliza bibi huyo akieleza bila aibu yoyote jinsi familia ilivyojipatia almasi Kongo katika enzi za Wabelgiji, kisha anaondoka nazo. Kwa mtazamaji wa upande huu wa Ziwa Tanganyika, hapo ni vigumu sana kumwita mwizi.

Waliomzunguka Assane nao wamepangwa kwa uangalifu. Rafiki anayetumwa na kumbebea siri, kazi ambayo filamu nyingi za Marekani humpa mtu mweusi mcheshi, hapa ni mzungu, Benjamin, muuza vitu vya kale aliyeigizwa na Antoine Gouy. Msaidizi mwema anayeuawa njiani ni mwandishi wa habari mzee wa Kifaransa, Fabienne. Polisi pekee anayegundua kwamba wizi unafuata vitabu vya Leblanc ni Youssef Guedira, aliyeigizwa na Soufiane Guerrab, na wenzake wanamcheka badala ya kumsikiliza. Sofia Belkacem wa Shirine Boutella yumo katika kikosi hichohicho. Mwizi mweusi na askari mwenye asili ya Kiarabu wanaelewana kwa mbali kuliko askari huyo anavyoelewana na wakubwa zake, na uhusiano huo umeandikwa kwa ustadi kuliko mapenzi yoyote ya tamthilia hii.

Hata hivyo, ukimwondoa Omar Sy, Lupin ina mashimo ambayo sifa zake hazipaswi kuyafunika. Katika sehemu mbili za kwanza mwanamke mweusi karibu hayupo: Claire, mama wa mtoto wa Assane, ni Ludivine Sagnier, na Juliette, binti wa Pellegrini, adui wa Assane, ni Clotilde Hesme. Mama wa Assane, Mariama, anafika katika sehemu ya tatu tu, kwa sura ya Naky Sy Savané, mwigizaji mkongwe wa Ivory Coast, na anapofika unajiuliza kwa nini alicheleweshwa hivyo. Assane hana mjomba, hana shangazi, hana jirani wa Kisenegali, hana msikiti wala mgahawa anaokwenda, kana kwamba Waafrika wa Paris ni yeye na marehemu baba yake peke yao. Fargass Assandé, anayemwigiza Babakar, naye ni wa Ivory Coast. Wote wawili ni waigizaji hodari, ila sisi tunaokereka Mtanzania anapoigizwa kwa lafudhi ya Afrika Kusini tunaweza kukisia Wasenegali wanavyojisikia wakiona Afrika Magharibi imechukuliwa kama nchi moja. Katika kuwapa wanawake nguvu, La Casa de Papel inaishinda Lupin kwa mbali. Nyuma ya kamera, waasisi Álex Pina na George Kay, Mhispania na Mwingereza, wote ni wanaume wa Ulaya.

Niseme pia, kwa mabano, kwamba tunaowapima wengine hatujapimwa sana. Dar ni mji wa Upanga na Kisutu, wa Wahindi, Waarabu, Wasomali na Wakomoro waliozaliwa hapa na wazazi wao wakazaliwa hapa, lakini katika tamthilia zetu za Kiswahili ni nadra kumwona mmoja wao akiwa mhusika mkuu mwenye matatizo yake ya ndoa na ya ada za shule.

Kwa anayetaka moja tu, ushauri wangu ni kuanza na Lupin, ambayo episodi 10 za sehemu mbili za kwanza zinajitosheleza, na sehemu ya tatu yenye episodi 7 inaweza kusubiri likizo. La Casa de Papel ni ndefu na sehemu zake za mwisho zinajirudia, ila kwa ajili ya Nairobi na Helsinki haipaswi kurukwa. Yoyote utakayoichagua, tazama kwa sauti ya asili na usome maandishi ya chini, hata kama macho yatachoka. Kiasi kikubwa cha mchanganyiko wa La Casa de Papel kimo katika lafudhi, na Kiingereza hakina namna ya kuonyesha Kihispania cha Buenos Aires kikigombana na cha Madrid. Katika Lupin nako, Omar Sy hubadili namna ya kuongea kila anapobadili nguo. Wanaouza tamthilia kwenye flashi mitaani mara nyingi hutoa nakala zenye sauti ya Kiingereza peke yake, na kwa tamthilia hizi mbili nakala hiyo haifai hata kwa bei ya kutupa.