Chaneli ya WhatsApp kwa mwandishi chipukizi: tathmini baada ya mwaka mmoja wa matumizi

Kwa muda wa mwaka mmoja na miezi miwili nimekuwa nikitoa riwaya yangu ya kwanza kwa mfululizo kupitia chaneli ya WhatsApp, sehemu moja kila Alhamisi usiku, na nimeona niandike tathmini hii kwa kuwa wenzangu kadhaa wanaoandika na ambao bado hawajapata mchapishaji huniuliza kama huduma hiyo inafaa kuwakusanyia wasomaji. Jibu langu ni kwamba inafaa sana kuwatunza wasomaji uliokwisha kuwapata, ni dhaifu katika kukutafutia wapya, na ikifika siku ya kuuza kitabu inahitaji msaidizi wa karatasi ambaye nitamweleza huko mbele.

Chaneli zilianzishwa Juni 2023 katika nchi za Kolombia na Singapuri, na ilipofika Septemba mwaka huohuo zikafunguliwa katika nchi zaidi ya 150. Kuifungua hakuna malipo, na utaratibu wake ni wa upande mmoja: mwenye chaneli huandika, wafuasi husoma, huweka emoji au hupiga kura pale anapowawekea swali, lakini hawawezi kuandika maoni chini ya alichokiweka. Namba ya simu ya mwenye chaneli haionekani kwa wafuasi wake, na wafuasi nao hawaonani namba. Jambo hili la mwisho linaweza kuonekana dogo kwa mtu ambaye hajawahi kusimamia kundi la wasomaji. Mimi nililisimamia moja kwa miezi minane.

Kundi la WhatsApp hupokea watu wasiozidi 1,024, lakini langu halikufika hata robo yake. Lilianza vizuri, wasomaji wakibishana kuhusu wahusika hadi usiku wa manane, kisha siku moja dada mmoja akanitumia ujumbe wa faragha akieleza kwamba kuna mwanamume aliyeichukua namba yake humo kundini na sasa anampigia kila jioni. Nilimwondoa mwanamume huyo, lakini ndani ya wiki mbili wanawake kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kujitoa kimyakimya, na hao ndio waliokuwa wasomaji wangu makini kuliko wote. Waliobaki wakaanza kutumiana salamu za asubuhi zenye picha za maua na matangazo ya mikopo, hata sehemu mpya ya hadithi ikawa inazama chini ya ujumbe mia moja kabla ya watu kurudi kutoka kazini. Nilipohamia kwenye chaneli, dada yule alikuwa miongoni mwa watu 41 wa wiki ya kwanza.

Faida ya pili inahusu bando. Wasomaji wangu wengi hununua vifurushi vidogo, na wapo wanaojiunga na vile vya mitandao ya kijamii pekee, ambavyo humruhusu mtu kufungua WhatsApp lakini akibonyeza kiungo cha tovuti anakuta hakifunguki. Niliwahi kuweka sura nzima katika tovuti na kuwatumia watu kiungo. Walionijibu kwamba wameisoma hawakuzidi ishirini. Sura hiyohiyo nilipoibandika ndani ya ujumbe wenyewe, majibu yalikuja mpaka nikachelewa kulala. Kwa hiyo ushauri wowote unaomwambia mwandishi wa Kiswahili aanze kwa kujenga tovuti yake, au jarida la barua pepe, naupokea kwa heshima na kuuweka kando. Barua pepe huku kwetu watu wengi huifungua wanapoomba kazi.

Lakini ukiandika ndani ya ujumbe, umbo la huduma litakulazimisha ubadili uandishi wako. Ujumbe mrefu hukatwa baada ya mistari michache, na msomaji hulazimika kubonyeza ili aone uliobaki, maana yake ni kwamba mistari hiyo ya mwanzo ndiyo inayobeba mzigo wote wa kumshawishi. Sehemu zangu za kwanza zilianza na maelezo ya mawingu na upepo wa kusi, na zikapata emoji chache mno. Nilipoanza kufungua kila sehemu kwa mtu anayesema au kutenda jambo, tofauti ilionekana wiki hiyohiyo. Urefu nao nimeupunguza kutoka maneno 1,800 hadi 900 hivi, kwa aya fupifupi, kwa sababu aya ya mistari ishirini kwenye simu ndogo ni ukuta. Waliokua wakisoma hadithi za mfululizo katika magazeti yetu wataitambua kazi hii mara moja: ni ufundi uleule wa kukata kisa mahali panapouma na kuandika "Itaendelea", ila sasa mhariri anayekupigia kelele kuhusu nafasi hayupo, na unapaswa kujipigia mwenyewe. Hata saa ya kutoa sehemu ina uzito. Nilianza na saa mbili usiku, nikagundua kwamba nashindana na taarifa ya habari, nikasogeza hadi saa tatu.

Kura ndizo zilizonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Katika sehemu ya 23 mhusika wangu, Zuhura, amesimama kwenye kivuko cha Pangani akingoja kuvuka kwenda Bweni, mkononi ana barua ya mumewe ambayo hajaifungua. Niliishia hapo na kuweka swali moja tu: aifungue, aitupe mtoni, au aende nayo hivyohivyo? Walipiga kura 212, na waliosema aitupe walikuwa wengi kiasi cha kunishangaza. Sikuwafuata, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuandika kilichomo ndani ya barua na nilikipenda, lakini nilijifunza kwamba wasomaji wangu wamemchoka yule mume mapema kuliko nilivyokusudia, na nikarudi kuzipunguza sehemu mbili zilizokuwa zikimtetea. Hata hivyo, kura hukuambia idadi tu, sababu haikwambii. Yule ambaye zamani angeniandikia kundini, "Mwandishi, huyu mwanamume ana deni gani kwetu?", sasa anaweka uso wa hasira na kuondoka.

Upande wa kuleta wasomaji wapya, huduma hii sina sifa ya kuipa. Ipo sehemu ya kutafutia chaneli, na huonyesha zenye wafuasi wengi na zinazotumika zaidi katika nchi yako, ila mwandishi asiye na jina anaingia humo akiwa nyuma ya vilabu vya mpira, wanamuziki na vyombo vya habari. Hakuna atakayekukuta kwa bahati. Nilipofika wafuasi 300 nilikaa hapo kwa wiki tisa, na kilichonitoa ni ukurasa wa Facebook, ambako niliweka sehemu tatu za mwanzo bure, nikakata penye utamu, nikaandika kwamba zilizobaki zipo kwenye chaneli. Leo wafuasi ni 1,260, na kwa makadirio yangu zaidi ya nusu walitoka huko, wengine wakaletwa na wasomaji waliowatumia ndugu zao kiungo, akiwemo shangazi mmoja wa Maskati ambaye nadhani amewaleta majirani zake wote. Kwa hiyo anayetaka kuanza na chaneli pekee ajue kwamba anajenga sebule kabla ya mlango.

Kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote ni kwamba wafuasi hao si wako. Kwa kuwa namba zao huzioni, faragha ileile niliyoisifu hapo juu inakuacha bila orodha, na chaneli ikifungwa kwa sababu yoyote huna pa kuwapigia hodi. Kampuni yenyewe ilieleza tangu mwanzo kwamba historia ya chaneli huhifadhiwa katika seva zake kwa muda usiozidi siku 30, hivyo usiichukulie kama kabati la kuwekea kazi zako. Mswada wangu upo kwenye kompyuta na nakala nyingine ipo kwenye flashi kwa dada yangu. Msaidizi niliyeahidi kumweleza ni kaunta buku la kurasa mia mbili. Kila baada ya sehemu tano huweka namba ya laini yangu ya pili, ya kazi hii tu, na kuwaomba wanaotaka kitabu wanitumie neno RIWAYA pamoja na jina na mji walipo. Naandika kwa mkono. Majina sasa ni 386.

Nilipotangaza kwamba riwaya itachapwa na kuomba malipo ya awali kwa M-Pesa, waliolipa mwezi wa kwanza walikuwa 118, na 97 kati yao walikuwa tayari kwenye daftari. Waliobaki katika chaneli, zaidi ya elfu moja, walinipongeza kwa makofi na mioyo mingi. Siwalaumu, maana wamekuja kusoma bure na nimewazoesha hivyo, lakini mwandishi anayepanga idadi ya nakala za kuchapa kwa kutazama idadi ya wafuasi atajikuta na maboksi chini ya kitanda. Nilichapa nakala 200. Za mikoani nilizituma kwa basi, kila bahasha ikiwa na namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu nene ili msomaji aichukue stendi.

Wizi wa kazi haukwepeki humo. Maneno hunakiliwa kwa kidole kimoja, na sehemu zangu 18 za mwanzo zilikwisha kuuzwa kama PDF kwa shilingi 1,000 zikiwa na jina la mtu mwingine. Haki ya mtunzi huanza pale kazi inapoandikwa, ila ushahidi hurahisisha mambo, kwa hiyo kabla ya kutoa sehemu ya kwanza ya hadithi ya pili nitausajili mswada COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Mwisho wa riwaya hii, sehemu nne, sikuuweka kwenye chaneli. Upo ndani ya kitabu tu, na wale wasomaji wawili walionitukana kwa uamuzi huo wote wamekwisha kununua.