Kava la taa ya ndani ya gari la zamani: la mtumba au jipya la kuiga?

Swali hili haliishi kwa wenye Peugeot 504 hapa Mwanza. Gari lilianza kutoka Ufaransa mwaka 1968, na plastiki ya umri huo, ikikaa juu ya balbu inayochemka, hugeuka njano kisha hupasuka.

Kwa bei, sina ubishi: la kuiga ni nafuu, na ukilivunja halikuumizi roho. La mtumba unalisaka kwenye magari yaliyolala gereji, na mwenye nalo anajua thamani yake.

Kwenye kukaa sawasawa mahali pake, mambo hugeuka. La asili huingia kwa mlio mmoja tu, "tak!". La kuiga nililowahi kufunga lilikuwa na meno manene, yaani vile vishikizo vya pembeni, nikayapunguza kwa msasa, na bado upande mmoja ukabaki na uwazi wa unene wa kucha. Kwingine ungevumilia. Kando ya ziwa, wale wadudu wadogo wanaofuata mwanga usiku walijaa humo ndani. Kila wiki nafungua, nakung'uta.

Ila la asili limechoka tayari. Libonye vibaya kwa bisibisi, jino linakatika, na halirudi. Mimi huliosha kwa maji vuguvugu na sabuni, petroli kamwe, kisha naweka balbu ya LED isiyochemka.

Gari la kazi za kila siku, funga la kuiga. Unayelirudisha gari lako kama lilivyotoka kiwandani, endelea kusaka.