Uzoefu wangu wa kutengeneza fomu za kujaza kwa LibreOffice

Ninaendesha ofisi ndogo ya uchapaji na huduma za kompyuta Mwanjelwa, jijini Mbeya, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni fomu: maombi ya uanachama ya vikundi vya wakulima wa parachichi wa Rungwe, hati za kupokelea mpunga kutoka Mbarali, oda za wauza mbao wa Mafinga. Zamani wateja walijaza karatasi kwa kalamu, wakaipiga picha na kunitumia kwa WhatsApp, nami nikaanza kuchapa upya neno baada ya neno. Nilitaka wajaze wenyewe kwenye simu au kompyuta.

Fomu ya kwanza nilimlipa fundi anitengenezee, na ilipendeza kwelikweli, kwani mistari ya jedwali iliongezeka yenyewe na jumla ilijipiga. Lakini katibu wa kikundi kimoja cha Tukuyu alipoifungua kwenye simu yake aliona ukurasa mmoja tu wenye maneno ya Kiingereza ya kumtaka asubiri, akasubiri mpaka akakata tamaa. Nilipochunguza niligundua kwamba faili hilo, ingawa lilikuwa la PDF, lilijengwa kwa mfumo wa fomu uitwao XFA, ambao programu nyingi za kusomea PDF haziutambui, na ambao kiwango cha PDF 2.0 cha mwaka 2017 kiliutangaza kuwa umepitwa na wakati. Mfumo mwingine, AcroForm, umo katika PDF tangu toleo la 1.2 la mwaka 1996, na ndio unaoeleweka na programu nyingi zaidi.

Hapo nikahamia LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, kwa sababu fomu inazotoa ni za AcroForm. Ninaandika fomu kama barua ya kawaida, ninachora sehemu za kujaza kwa upau wake wa vidhibiti vya fomu, kisha ninaitoa kama PDF nikihakikisha kwamba chaguo la kutengeneza fomu limewekewa tiki. Kila sehemu ninaipa jina lake. Sehemu za taarifa ileile ninazipa jina moja, na nikiruhusu majina yanayofanana wakati wa kutoa faili, jina la mkulima likijazwa ukurasa wa kwanza linajitokeza pia kwenye ukurasa wa ahadi, na hilo limeniondolea makosa mengi ya majina kutolingana.

Kilichonifundisha zaidi ni kuacha mapambo. Hesabu za kujipiga zenyewe huhitaji JavaScript, yaani maagizo ya programu yaliyoandikwa ndani ya PDF, na programu nyingi za simu hazitekelezi maagizo hayo, hivyo mteja mmoja huona jumla na mwingine huona nafasi tupu. Sasa jumla huandikwa na mjazaji, nami ninaihakiki ofisini. Sehemu ya fedha nimeifanya ya maandishi ya kawaida, ipokee 1500000 na 1,500,000 bila kulalamika. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, nayo niliiwekea kikomo cha herufi 20, kwa kuwa ina tarakimu 20, nikasahau kwamba wengi huiandika pamoja na vistari vyake vitatu kama ilivyo kwenye kitambulisho. Fomu kadhaa zilirudi zikiwa zimekatwa tarakimu za mwisho, na ilinibidi nimpigie simu kila mhusika. Kikomo sasa ni 23.

Tatizo jingine lilinisumbua kwa wiki nzima: fomu iliyojazwa kwenye programu moja ilionekana tupu ilipofunguliwa kwenye nyingine. Maneno yalikuwamo, ila programu ya kwanza ilihifadhi thamani ya sehemu bila kuchora mwonekano wake. Fomu ikifika hivyo ninaifungua kwa programu nyingine ya kusomea PDF, na nikishaihakiki ninaichapisha upya kama PDF isiyoharirika, ndiyo inayokwenda kwenye jalada. Wapo pia waliojaza moja kwa moja ndani ya WhatsApp wakanirudishia faili tupu, kwa hiyo juu ya kila fomu nimeandika: «Hifadhi faili hili kwenye simu kwanza. Jaza, hifadhi, lifunge, kisha lifungue tena uone kama maneno yapo, ndipo utume.»

Kabla ya kumkabidhi mteja ninaijaribu kwenye simu mbili za bei tofauti, kwenye kivinjari, na kwenye Mac ya mhasibu mmoja wa Iringa ambaye amekubali kunisaidia. Kazi hiyo huchukua kama saa moja, na gharama yake ninaihesabu kwenye bei.

Ninaipendekeza LibreOffice kwa kila mwenye steshenari anayehudumia watu wenye vifaa mchanganyiko, isipokuwa kwa jedwali linalohitaji kuongezeka mistari, ambalo ninalifanya kwenye lahajedwali. Mahali pa sahihi na mhuri ninapaacha wazi, na yule katibu wa Tukuyu hujaza fomu kwenye simu, akaichapisha mjini, akaigonga mhuri wa kikundi na kunitumia na basi la asubuhi.