Waya wa HDMI wa laptopu na tivi: nilizojaribu hapa Lamu

Kwa mwenye haraka: kama laptopu yako ina tundu la HDMI na tivi ni ya inchi 32 mpaka 43, chukua waya wa mita 3, mnene kidogo, ulioandikwa High Speed. Mimi nilitoa shilingi 500 Langoni na huo naupa nyota tano. Wa mita 1.5 naupa tatu, wa mita 10 naupa mbili. Adapta ya DisplayPort (tundu jingine la kutolea picha, lisiloingia kichwa cha HDMI) inapata nne. Kuna kidude kingine cha USB ambacho sikukipa nyota hata moja, nacho nitakieleza, maana kinawanasa wengi.

Kabla ya waya, geuza laptopu utazame tundu lake. Laptopu nyingi zinazouzwa huku ni mitumba ya maofisini, na si zote zina HDMI. HP EliteBook 840 kuanzia toleo la G1 mpaka G4 ina DisplayPort na VGA (tundu la picha la zamani), haina HDMI; HDMI inaonekana kwenye G5. ThinkPad T430 na X230 zina VGA na DisplayPort ndogo. Kwa macho, DisplayPort kubwa na HDMI zinafanana, lakini HDMI imebanwa kona zote mbili za chini, na DisplayPort imekatwa kona moja tu. Usilazimishe kichwa kiingie. Ulimi wa ndani ukivunjika, fundi atalazimika kubadilisha tundu zima.

Kwa laptopu za namna hiyo nilinunua adapta ya DisplayPort kwenda HDMI, shilingi 900. Inafanya kazi vizuri kwa sababu laptopu yenyewe ndiyo inayotoa mawimbi ya HDMI kupitia tundu la DisplayPort (hizo huitwa DP++), na adapta inarekebisha volti tu. Kwa hiyo haihitaji programu wala chaja. Picha ya 1080p (Full HD) hutoka safi, na sauti hupita humohumo. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya kitufe cha kuachia ndoano za kichwa chake: ni kidogo, na ukisahau kukibonyeza ukavuta, unang'oa tundu. Jambo jingine, adapta hii inaelekea upande mmoja tu, kutoka laptopu kwenda tivi. Hailetei skrini ya DisplayPort picha kutoka kwenye kifaa cha HDMI.

USB-C ina mtego wake. Tundu kuwa na umbo hilo si ushahidi kwamba linatoa picha. Mengine ni ya kuchajia na kuhamishia mafaili tu. Tafuta alama ya radi ya Thunderbolt, au herufi ya D iliyofungamana na P, pembeni ya tundu. Usipoiona, soma maelezo ya modeli kamili ya laptopu yako kabla ya kutoa pesa.

Sasa kile kidude. Kina kichwa cha USB upande mmoja na tundu la HDMI upande wa pili, na kwenye kiboksi kimeandikwa HDMI Video Capture. Mnunuzi akikiona anadhani kitatoa picha kwenye laptopu kuipeleka kwenye tivi. Kazi yake ni kinyume: kinaingiza picha ya kamera au king'amuzi ndani ya laptopu ili irekodiwe. Ukikichomeka ili uangalie mpira kwenye tivi, utabaki na No Signal mpaka asubuhi. Si kibovu, ila si cha kazi hii. Adapta za USB ya kawaida zinazotoa picha zipo, nazo zina chipu ndani na zinahitaji programu kwenye laptopu. Waya mtupu wenye USB huku na HDMI kule, bila chipu yoyote, haupeleki picha ya laptopu popote.

VGA nitaipita haraka. Haina sauti, ni ya mwaka 1987, na tivi mpya nyingi hazina tundu lake. Kama laptopu yako haina njia nyingine, utahitaji kigeuzi chenye chipu kinacholishwa umeme na USB, pamoja na waya mdogo wa sauti kutoka tundu la hedfoni.

Urefu ndipo watu wanapokosea zaidi. Waya haupiti hewani. Pima kutoka tundu la nyuma ya tivi, ushuke ukutani, ufuate ukuta mpaka unapokaa, kisha ongeza nusu mita ya kulegeza. Katika nyumba za mawe za Mkomani, chokaa ya kale haishiki misumari ya vishikio vya waya. Ukigonga, inamomonyoka na kuacha shimo. Bora waya ulale chini kando ya ukuta, nyuma ya makochi. Ndiyo maana wa mita 1.5 nimeupa tatu: picha yake haina kasoro, ila laptopu inaishia kuning'inia chini ya tivi, na uzito wa waya unavuta tundu kila mtu anapopita.

Wa mita 10 niliununua shilingi 1,800 kwa ajili ya kuweka laptopu upande wa pili wa ukumbi mrefu. Kwenye tivi ya 1080p unakwenda sawa. Kwenye tivi ya 4K (nukta mara nne ya 1080p), picha ikibadilika mara 60 kwa sekunde, yaani mizunguko 60, vinaanza kutokea vinukta vyeupe, kisha skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili tatu na kurudi. Sababu ni kwamba 4K ya 60 inahitaji waya upitishe hadi gigabiti 18 kwa sekunde, na shaba nyembamba ikiwa ndefu hivyo, mawimbi yanafika yamechoka. Kwa 4K nisingevuka mita 5 na waya wa shaba. Ukihitaji zaidi, zipo nyaya za nuru (fiber), lakini kichwa kimoja kimeandikwa Source na kingine Display. Ukiugeuza haufanyi kazi, na ukiukunja kwa pembe kali unavunja uzi wa ndani. Kwa waya wa shaba, soma namba ya AWG, kipimo cha unene, kwenye ganda: 28 ni mnene kuliko 30. Namba ikipungua, waya unanenepa.

Maandishi ya 8K na 2.1 (toleo la HDMI) kwenye mfuko wa plastiki wa shilingi mia nne yasikutie tamaa. Viwango vya waya hutambulika kwa majina: High Speed, Premium High Speed, Ultra High Speed. Hayo mawili ya mwisho huja na lebo ya kuskani kwa simu kwenye pakiti. Ultra, wa gigabiti 48, una maana kwa mwenye tivi ya 4K ya mizunguko 120 na laptopu inayoweza kuitoa. Tivi nyingi za inchi 32 ni za nukta 1366 kwa 768, na hapo hata waya wa dhahabu tupu hautaongeza nukta moja. HDMI ni ya dijitali. Waya mzima ukifikisha data yote, wa bei ghali hauna cha kuongeza kwenye rangi.

Dhahabu yenyewe, hata hivyo, siidharau kwa mji wa pwani. Haing'arishi picha, lakini haishiki kutu. Shida ni kwamba kwenye nyaya za rahisi dhahabu iko kwenye ganda la nje linaloonekana, ilhali pini 19 za ndani zimepakwa utando mwembamba sana. Hewa ya chumvi, hasa nyumba zilizoelekea bahari na wakati wa kusi, inaacha ukungu wa kijani ndani ya kichwa. Dalili zake: picha inakuja ukishika kichwa kwa mkono na kupotea ukikiachia, au rangi inageuka kijani au zambarau kwa sababu jozi moja ya nyaya haigusani vizuri. Kabla ya kuutupa, zima vifaa vyote, chomoa, lowesha mswaki laini kwa spiriti ya isopropili (si mafuta ya taa, wala yale ya kunyunyizia bawaba), sugua kichwa taratibu, uache kikauke dakika kumi. Msasa usiuguse, unakwangua huo utando kidogo uliopo.

Nikaona kinachosaidia zaidi ni kuacha kichwa cha upande wa tivi kikiwa kimechomekwa siku zote, na kuchomoa upande wa laptopu tu. Pini zilizobanana hazipati chumvi kirahisi. Kichwa kilicho huru kinakaa kwenye mfuko wa zipu pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Matundu ya tivi yasiyotumika yazibe kwa vifuniko vya mpira. Mijusi wanapenda joto la nyuma ya tivi, na kinyesi chao kinakula chuma.

Mtekenyo wa umeme ukigusa kichwa cha chuma ni jambo la kawaida kwenye nyumba zenye soketi zisizo na waya wa ardhi (earth). Chaja na tivi huvujisha mkondo mdogo kwenye ganda la chuma, nao hutafuta njia kupitia waya wa HDMI. Kwa hiyo chomeka HDMI kwanza, vifaa vyote vikiwa vimetolewa kwenye soketi, ndipo uwashe. Stima ikipotea, chomoa kabla haijarudi. Tundu la HDMI likiungua huwa halionyeshi alama yoyote. Unabaki ukilaumu waya.

Ukishaunganisha, chagua HDMI 1 au 2 kwa rimoti kulingana na tundu ulilotumia, kisha kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague Duplicate. Picha ikija bila sauti, bonyeza alama ya spika na uchague jina la tivi, kwa sababu laptopu mara nyingi inabaki na spika zake. Kingo za skrini zikikatwa, tafuta kwenye menyu ya picha ya tivi neno kama Just Scan au Screen Fit. Herufi zikiwa na ukungu, weka ukubwa wa picha ulingane na nukta za tivi, na kama tivi inakuruhusu kulipa tundu jina, lipe PC. Laptopu nyingi za zamani kidogo zina HDMI ya toleo la 1.4, ambayo kwa 4K inaishia mizunguko 30. Kishale cha mausi kitakuwa kinaburuta. Rudisha 1080p ya 60, macho yatapumzika. Kwenye tivi za Samsung za 4K, kama 60 haitokei ingawa laptopu inaiweza, washa Input Signal Plus kwa tundu hilo. Na filamu za kulipia zikileta sauti na skrini nyeusi, si waya: ni ulinzi wa kuzuia kunakili uitwao HDCP, nao haupiti kwenye njia ya VGA.

Kuhusu pa kununua, mimi nachukua dukani hapa hapa na laptopu mkononi, muuzaji auchomeke kwenye tivi ya duka, ucheze video dakika tano huku ukitikisa vichwa vyote viwili. Wa kuagiza Mombasa au Nairobi unaweza kuwa rahisi kwa shilingi mia, ila ukija mbovu utapanda boti mpaka Mokowe, bara, na kulipia parseli ya kuurudisha, na hapo umeshapita bei ya waya mwingine. Kama tivi yako imebanwa ukutani, uliza pia kichwa cha pembe ya digrii 90, na utazame kwanza tundu limeelekea wapi: kipo cha kukunja juu na cha kukunja chini, na ukikosea kinagonga fremu ya tivi na hakiingii.